Mchuzi wa zamani umewasha chupa mpya: kumbukumbu ya mradi wangu wa bakteria wa ngisi

Jumamosi iliyopita, saa tano kasoro dakika kumi usiku, chupa namba 2 ya bakteria wanaotoa nuru ilianza kung'aa ndani ya kabati langu la nguo, ilhali namba 1 na namba 3, zilizopandwa saa moja jioni kwa tone la mbegu ile ile, zilibaki nyeusi hadi karibu saa saba. Nimelisubiri jambo hili kwa majuma tisa, na kwa kuwa nimekosea kwa namna ambazo mwingine anaweza kuzirudia, ninaandika kabla sijasahau mpangilio wa makosa yenyewe.

Sitaeleza kwa urefu namna ya kuwapata bakteria hawa: ngisi mbichi wa soko la samaki la Feri asiyeguswa na maji ya bomba, maji ya chumvi ya asilimia 3, usiku mzima ndani ya deli lenye barafu, kisha kuchota madoa yanayong'aa gizani na kuyapitisha kwenye sahani za aga (jeli ya kukuzia bakteria) mara tatu mpaka koloni, yaani vishungi vya bakteria, zifanane.

Ugumu ulianza nilipohama kutoka kwenye sahani kwenda kwenye chupa. Juu ya aga waliwaka rangi ya samawati bila kubembelezwa. Ndani ya mchuzi wa lishe waliongezeka mpaka chupa ikawa kama maji yaliyooshea mchele, lakini hapakuwa na nuru yoyote. Nilianza kutafuta sababu za mbali, kumbe iliyokuwa karibu ilikuwa oksijeni, ambayo lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa nuru, haiwezi kufanya kazi bila hiyo na ambayo umati wa bakteria katika chupa iliyotulia huimaliza haraka. Nilipoitikisa chupa, nuru ilipanda kwa sekunde chache ikazimika. Pampu ndogo ya tangi la samaki ilitibu hilo, ingawa nuru ilibaki hafifu mpaka nilipoondoa glukosi niliyoiongeza kwa ukarimu usiohitajika. Imejulikana tangu miaka ya 1970 kwamba glukosi hupunguza utengenezaji wa lusiferasi. Badala yake natumia gliserini ya duka la dawa, mililita 3 kwa lita.

Hapo ndipo swali lenyewe lilipoanza. Ukipanda bakteria wachache kwenye mchuzi mpya, wanaongezeka kwa saa kadhaa gizani, kisha nuru inapanda kwa kasi kuliko wingi wao. Mwaka 1968 Kempner na Hanson walipendekeza kwamba mchuzi mpya una kizuizi ambacho bakteria hukiondoa kwanza. Mwaka 1970 Nealson, Platt na Hastings wakaonyesha kwamba bakteria wenyewe ndio wanaotoa kitu kinachoamsha utengenezaji wa lusiferasi kikishalimbikizana. Tangu 1994 jambo hili linaitwa kuhisi akidi, na sijui neno linalolifaa zaidi: wajumbe wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja anaacha alama yake, na kikao hakifunguliwi mpaka alama zitoshe.

Nilitaka kuona tofauti ya maelezo hayo mawili kwa macho yangu. Kwa hiyo namba 3 ilikuwa na mchuzi mpya mtupu, namba 2 mchuzi mpya nusu na mchuzi uliokwisha kutumika nusu, na namba 1 mchuzi mpya nusu na maji ya chumvi nusu. Kama kisa ni kizuizi, namba 1 ingepaswa kuitangulia namba 3, kwa kuwa kizuizi chake kimepunguzwa nusu; kama kisa ni kitu wanachokitoa wenyewe, namba 2 pekee ndiyo ingetangulia.

Mara nne mfululizo namba 2 haikuonyesha tofauti yoyote, na nikakaribia kuuacha mradi. Kosa lilikuwa sufuria la presha. Nilikuwa ninauchemsha mchuzi wa zamani ili kuua bakteria waliomo, na sikufikiri kwamba bakteria walionyimwa sukari na kulishwa peptoni (protini iliyovunjwavunjwa) hutoa amonia. Karatasi ya kupimia ualkali (pH) ilisoma karibu 8.5. Ishara ya bakteria wa jamii hii, yaani kile kitu wanachokitoa, ni kemikali ya aina ya homoserini laktoni, na pete ya laktoni iliyomo ndani yake hufunguka katika ualkali, upesi zaidi kukiwa na joto. Yaani dawa yangu ya kwanza, kuondoa glukosi, ilizaa ugonjwa wa pili, na mimi nikaupikia moto! Jumamosi nilishusha ualkali hadi 7 kwa matone ya siki, nikapitisha mchuzi kwenye kichujio cha sindano cha mikromita 0.22 bila kuupasha moto. Matokeo mmekwisha kuyasoma. Namba 1 na namba 3 ziliwaka kwa kupishana dakika chache tu, na namba 2 ilipowaka mchuzi wake ulikuwa bado haujawa na ukungu, kiasi cha kuuona mstari niliouchora nyuma ya chupa.

Kuhusu vifaa, vichujio vile ni ghali kupita kiasi, lakini sitavibadilisha. Simu ya kawaida inayoruhusu picha ya sekunde 30 inatosha kabisa kupima nuru, mradi usiiachie ijichagulie mipangilio yenyewe.

Wingi unaohitajika ndio unaonifanya niifikirie picha ya setilaiti ya Januari 1995, pale meli iitwayo Lima ilipopita katika bahari iliyong'aa nyeupe usiku ng'ambo ya pwani ya Somalia, na baadaye ikaonekana kwamba eneo lililong'aa lilikuwa kama kilomita za mraba 15,400. Bakteria wanaoelea wakiwa wametawanyika hawafikishi akidi. Ndiyo maana maelezo yanayopewa uzito ni kwamba walikuwa wamejazana juu ya mabaki ya mwani.

Mpango ulikuwa kuchora grafu ya nuru kila dakika kumi kwa kipimo cha kielektroniki. Nimeuweka kando, kwa sababu kwenye sahani moja ya zamani nimeona mchirizi hafifu wa bakteria ambao ncha yake iliyo jirani na mchirizi angavu inang'aa zaidi kuliko ncha ya pili. Huenda ni ishara inayosafiri ndani ya aga, au huenda ni nuru ya jirani tu inayoakisiwa. Nimepanda sahani mpya mbili zenye michirizi hiyo, na kesho nitaufunika ule angavu kwa utepe mweusi chini na juu kabla ya kupiga picha.