Kutambua meno ya papa wa kale katika kijito cha Big Brook

Ninapochekecha changarawe za Big Brook, kijito kilichopo katika kaunti ya Monmouth, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mara nyingi huwaona wageni wakiyagawa meno ya papa waliyoyaokota kwa kufuata rangi, meusi huku na ya kahawia kule. Rangi haituambii lolote kuhusu aina ya papa, kwani hutokana na madini ya udongo uliolifukia jino. Meno hayo ni ya mwishoni mwa kipindi cha Kretasia, miaka milioni 70 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa imeifunika sehemu hiyo, na hadi leo maji ya mvua huyang'oa katika kingo na kuyamwaga kijitoni.

Mimi huanza na makali. Jino pana lililolalia upande mmoja, lenye makali ya msumeno, kwa kawaida ni la papa aitwaye Squalicorax. Jino refu na jembamba lenye makali laini, ambalo upande wake uliobinuka, yaani ule uliotazama ndani ya kinywa, una mistari myembamba ya wima, ni la papa mwingine, Scapanorhynchus.

Ugumu unakuja kwa sababu papa mmoja hana meno ya umbo moja. Meno ya pembeni ya Scapanorhynchus ni mapana na yana vijino viwili ubavuni, kiasi kwamba ni rahisi kuyadhania ya papa wa tatu, Cretalamna, na hapo ndipo mzizi unapokata shauri: wa Scapanorhynchus una mfereji katikati, wa Cretalamna hauna. Mzizi huo huo hututenganishia papa na Enchodus, samaki wa mifupa ambaye meno yake marefu huwachanganya wengi, kwa kuwa jino lake halina mzizi wenye matawi mawili bali lilishikamana moja kwa moja na mfupa wa taya.

Jino lililosagwa na maji hadi mzizi ukatoweka sipendi kulipa jina kamili. Naona ni haki zaidi kuandika jenasi peke yake, yaani sehemu ya kwanza ya jina la kisayansi. Na kwa kuwa kanuni za hapo zinamruhusu mtu kuchukua visukuku vitano tu kwa siku, na zinakataza kabisa kuchimba kingo, mimi huchagua jino dogo lenye mzizi mzima na kuliacha kubwa lililobaki ncha.