Kamshafti ya mbio na mlima wa Amani

Mwaka jana niliifunga pikipiki yangu ya cc 150 kamshafti ya mbio (kamshafti ni mhimili wa ndani ya injini unaofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi), nikiwa na hakika kwamba nguvu iliyokuwa imepungua ingerudi na nyingine ingeongezeka juu yake. Kwenye lami, kutoka Tanga mjini kupitia Pongwe hadi Muheza, ilikimbia vizuri kila nilipovuta mafuta mengi. Lakini nilipoanza kupanda Amani, nikiwa na abiria na mzigo, ilikosa pumzi kwenye kona ambazo siku zote nilizipita kwa gia ya pili.

Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, na nundu zake ndizo zinazosukuma roka, vikono vidogo vinavyobonyeza valvu, ili valvu zifunguke. Kwa hiyo injini ikifika mizunguko 8,000 kwa dakika, valvu ya kuingiza hewa hufunguka mara 4,000. Umbo la nundu huamua valvu inyanyuke kiasi gani, ifunguke lini na ikae wazi kwa muda gani. Muda huo ndio ulioniponza. Nundu ya mbio huchelewa kuifunga valvu ya kuingiza, hata pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Injini inapozunguka kasi, hewa iliyokwisha kushika mwendo huendelea kujisukuma ndani, silinda ikajaa zaidi. Inapozunguka polepole hewa haina msukumo huo, na pistoni huirudisha sehemu yake kwenye kabureta. Mgandamizo hupungua, na nguvu ya kuvuta hupungua pamoja nao. Tena valvu zote mbili hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, moshi ukachanganyika na hewa mpya, ndiyo maana pikipiki yangu ilitetemeka ikiwa imesimama inanguruma.

Naiheshimu sana, kwa sababu hiyo, injini ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo pikipiki nyingi za Kichina tunazozijua zimefuata muundo wake. Kamshafti yake iko chini, huzungushwa kwa gia badala ya cheni, na husukuma valvu kwa fito ndefu. Fito hizo hazipendi mizunguko mikubwa, lakini injini yenyewe ilikusudiwa kuvuta na kudumu, nasi tunaobeba watu na magunia milimani hatuhitaji zaidi ya hapo.

Fundi wangu wa Ngamiani alipoishika kamshafti yangu ya zamani, alinionyesha kwa kidole mahali nundu ilipolika. Oili ilikuwa imepungua kwa muda mrefu bila mimi kuipima, na nundu iliyolika hainyanyui valvu inavyopaswa. Nguvu niliyokuwa nikiitafuta dukani ilikuwa imepotelea hapo. Alifunga mpya ya kawaida pamoja na roka zake, maana roka iliyochubuka huila nundu mpya kwa muda mfupi, kisha akapima tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka na valvu, injini ikiwa imepoa. Zikilegea mno, valvu huchelewa kufunguka na huwahi kufunga. Zikibanwa mno, valvu haikai sawasawa na mwishowe huungua.

Kona zile sasa nazipanda tena kwa gia ya pili, na kijiti cha oili nakichomoa kila asubuhi kabla ya kuwasha.