Kikombe kilikuwa pale pale

Asubuhi hii nimemtazama baba akitafuta kikombe chake. Mkono ukapapasa meza, ukakipita, ukarudi. Kilikuwa pembeni kidogo tu, na kwake pembeni ndiko kulikozimika kwanza. Ana glakoma, ile wengi tunaiita presha ya macho. Matone anatia kila siku, bila kukosa, lakini matone hulinda kilichobaki tu.

Kinachokufa ni seli za neva zilizo nyuma ya jicho, kwenye retina. Ziko takribani milioni 1 kwa kila jicho, na nyuzi zake ndizo zinazofunga safari hadi kwenye ubongo. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Daktari aliponiambia hivyo nilinyamaza njia nzima.

Ndiyo maana nafuatilia sana habari za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 2007 mwanasayansi wa Japani, Shinya Yamanaka, na wenzake walichukua seli za ngozi ya mtu mzima wakazirudisha ziwe kama za kiinitete, na 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza kuwa wamekuza seli hizi hizi za neva ya jicho kutokana na seli shina za binadamu. Kwenye sahani ya maabara!

Kazi ngumu ni kuzifanya zishike ndani ya jicho, kisha uzi uote hadi kwenye ubongo na kufikia mahali pake hasa. Tiba bado haipo, na anayekuuzia leo mkimbie.

Baba ameniuliza, "Wamefika wapi?" Nikamsomea yote, taratibu.