Dada, umeshaiwasha?

Jumatatu nesi alipompaka mwanangu spiriti begani, ilibidi nitoke nje nimwachie shangazi yake. Sindano haikunitisha. Ni ile harufu. Kwangu spiriti ni Kariakoo, Desemba 2011, na mswaki wa fundi.

Mafuriko yale ya Dar es Salaam yameshasimuliwa sana: watu juu ya mabati, majirani waliohamishiwa Mabwepande, na wale ambao hatukuwaona tena. Sisi wa Kigogo tulioponea tulitoka na nguo za mwilini, na Baba tulimbeba mgongoni. Nitasema la diski tu, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta kuhifadhia mafaili.

Tarehe 9 mwezi ule, nchi ikitimiza miaka 50 ya uhuru, Baba alikaa barazani akatusimulia usiku wa 1961 pale Uwanja wa Taifa. Nilimrekodi kwa kamera ndogo karibu saa nzima. Nikahamishia kila kitu kwenye diski, nikaanza kufuta kwenye kadi nipate nafasi. Siku kumi na moja baadaye Mto Msimbazi ukaingia ndani. Diski na kamera tulivikuta chini ya kabati, vimezikwa kwenye tope.

Diski niliiosha bombani, nikaianika juani siku mbili, nikaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini. Ikalia tk, tk, tk. Nikachomoa, nikachomeka tena. Mara ya tatu ikakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, kisha kimya.

Fundi alikuwa na meza moja tu, kwenye ukumbi wa duka la vitenge. Kwanza alichokonoa punje ya mchele kwenye tundu la chaji la simu ya mdogo wangu, maana na sisi tulikuwa tumeifukia kwenye mchele kama tulivyosikia. Akasema mchele haunyonyi maji yaliyo ndani, unaacha unga wake tu. Kisha akaishika diski, akaisogeza sikioni, akaitikisa kidogo.

"Dada, umeshaiwasha?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

Nikamwambia. Akaiweka mezani taratibu sana, akanionyesha kitundu kisichozidi ncha ya kalamu. Pale ndipo inapopumulia, na pale ndipo maji yalipopita. Ndani mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachozisoma bila kuzigusa, kwa mwanya mwembamba kuliko chembe ya vumbi. Tope likikaukia humo, ukiwasha unazipiga msasa. Afadhali ningeileta mbichi, imefungwa kwenye mfuko.

Sikujibu. Akaivuta kadi ya kamera.

Kadi haina kinachozunguka, akasema, hii tuitazame. Akaisuuza kwa maji safi, akachovya mswaki kwenye spiriti, akaanza kusugua vile vijino vya rangi ya dhahabu, kimoja kimoja, akivielekeza kwenye mwanga, akipuliza, akirudia. Kitambaa kilitoka na rangi ya Msimbazi. Nilimsihi aijaribu pale pale. Akakataa, akaifunga kwenye karatasi, akaniambia nirudi kesho. Usiku ule sikulala.

Kesho yake ilisomeka.

Dakika 14. Kamera ile ilikuwa ikikata video vipande vipande, na kipande cha kwanza sikuwa nimekifuta. Baba anaishia hapa: "Ilipofika saa sita kamili, taa zikazimwa uwanja mzima..."

Ningeweza kumwomba arudie. Alikuwa hai mpaka Machi. Lakini kumwomba kulikuwa ni kumwambia kwamba nimeipoteza, na mimi nilikuwa bado natafuta mtu wa kuifungua diski. Niliambiwa yupo Afrika Kusini. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa miezi mitatu.

Jumatatu jioni nilimwonyesha mwanangu zile dakika 14. Zilipokatika akauliza, "Halafu?"

Nikamwambia taa zikawashwa na bendera mpya ilikuwa juu. Babu yake alilisema lile kwa maneno mengine, na kuna kitu alikuwa anafanya kwa mkono nikashindwa kukiiga.

Diski bado ninayo. Sijaichomeka tena.