Nani atamwambia mwenye duka la bunduki?

Kazi yangu ni ukalimani mahakamani huku Marekani, na kuna swali la mama mmoja mpaka leo halijanitoka kichwani. Mumewe alikuwa amekiri kumpiga, kwa sheria za huku ni kosa dogo, mi nimekaa pembeni ya mama namtafsiria, jaji akasoma adhabu halafu akaongeza yale maneno ambayo nimeyatafsiri mara nyingi hadi nimeyakariri, kwamba kuanzia sasa huruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi. Mama akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, na mwenye duka la bunduki nani atamwambia?"

Mkalimani haruhusiwi kujibu swali, anatafsiri tu, kwa hiyo nikalisema kwa Kiingereza wote wasikie. Mwendesha mashtaka akajibu, itaonekana kwenye mfumo. Tukatoka.

Sasa mi nikawa najiuliza, itaonekanaje? Manake huo mfumo hauna masikio mahakamani. Unaitwa NICS, ni wa kumchunguza mnunuzi kabla hajauziwa bunduki, FBI wanauendesha kutoka West Virginia, ulianza 30 Novemba 1998 kwa sababu ya sheria ya Brady ya 1993. Ukienda dukani unajaza fomu namba 4473, muuzaji anapiga simu au anaingiza jina lako mtandaoni, wao wanatafuta kwenye kanzidata tatu na mara nyingi jibu linarudi ndani ya dakika chache. Lakini wanachokikuta humo ni kile tu ambacho polisi, mahakama za majimbo na idara za serikali kuu wamekipeleka, hakuna kingine.

Na njia ya kukipeleka ni ndefu jamani. Mtu akikamatwa anachukuliwa alama za vidole, zinaenda masjala ya jinai ya jimbo, hapo anafunguliwa rekodi. Miezi inapita, kesi inaisha, mahakama inatakiwa ipeleke matokeo na yale matokeo yashikane na zile alama. Sasa chukua mtu ambaye hakuwekwa ndani, alipewa tu karatasi ya kumwita mahakamani, vidole vyake hakuna aliyevichukua. Anakuja, anatiwa hatiani, jalada limekamilika na sahihi ya jaji ipo, ila hukumu ikifika masjala haina pa kukaa, inarudishwa au inabaki inaning'inia.

Karani mmoja niliyemzoea alinieleza kitu kingine ambacho nilikuwa sijawahi kukifikiria. Tangu 1996 sheria ya nchi nzima inamnyima bunduki hata mwenye kosa dogo, mradi liwe la kumpiga mwenza wake au mtoto wake. Lakini shitaka lenyewe mara nyingi limeandikwa "shambulio" basi, na kule FBI mchunguzi akiliona hawezi kujua huyu alimpiga mkewe au alipigana na mlevi mwenzake baa. Kinachomsaidia ni mahali palipoandikwa aliyepigwa ni nani kwa aliyempiga, na pakiachwa wazi inabidi aanze kutafuta jalada, apige simu huko kaunti. Huku saa inakwenda, kwa sababu zikipita siku tatu za kazi bila jibu, kwa mnunuzi aliyefikisha miaka 21, sheria ya nchi inamruhusu muuzaji akabidhi bunduki. Hakatazwi kusubiri, ila halazimishwi. Kuna majimbo yameongeza muda, mengine hayajaongeza.

Watu wameshakufa kwa hili. Sutherland Springs, Texas, Novemba 2017, watu 26 waliuawa kanisani, kwa hesabu inayomjumlisha mtoto aliyekuwa bado tumboni. Muuaji alikuwa ametiwa hatiani na mahakama ya kijeshi mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto wa mkewe, na Jeshi la Anga halikupeleka alama zake za vidole wala hukumu yake FBI, kwa hiyo alipoenda dukani rekodi ilionekana safi. Jaji mwaka 2021 alisema serikali inabeba asilimia 60 ya lawama, na 2023 ikakubali kuzilipa familia dola milioni 144.5. Karatasi ambayo ingejazwa asubuhi moja! Mi hilo huwa linaniumiza kuliko yote, manake hapo wala haikuhitajika sheria mpya, sheria ilikuwepo na hukumu ilikuwepo.

Ndiyo ikaja sheria ya Fix NICS ya 2018, idara za serikali kuu zikatakiwa zitoe taarifa za jinsi zinavyopeleka rekodi. Majimbo je? Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua serikali kuu haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo wafanye kazi zake, kwa hiyo majimbo yanavutwa kwa ruzuku na kila jimbo lina sheria yake kuhusu nini kipelekwe na lini.

Na msifikiri anayeumia ni upande mmoja. Kuna mtu alikamatwa zamani, kesi ikafutwa, mahakama haikutuma kwamba imefutwa. Kukamatwa kumebaki pale bila mwisho na yeye kila akinunua anasubirishwa kama mhalifu. Nafasi ile ile iliyoachwa wazi inampitisha mwenye hatia na kumzuia asiye nayo.

Wiki iliyopita nilimuuliza yule karani, kwenu zile hukumu zinazorudishwa mnazifanyaje. Akasema kila Ijumaa mchana anakaa na orodha ya zilizokataliwa, anazifuata moja moja, yeye mwenyewe, hakuna aliyempangia, na ikibidi anawapigia polisi waseme alama zilichukuliwa au hazikuchukuliwa. Wiki ile zilikuwa nne. Tatu alishazimaliza, ya nne alikuwa bado kwenye simu wakati tunaongea, kaibana begani huku anaandika, na upande wa pili hakuna aliyepokea.