Siku Daktari Alipokataa Matundu

Mwaka 2019 dada yangu aligundulika na saratani ya mlango wa kizazi, ikiwa bado hatua za mwanzo. Tulipoingia kwa daktari bingwa nilikuwa na ombi moja tu: afanyiwe upasuaji wa matundu madogo. Mimi mwenyewe nilishatolewa uvimbe wa ovari kwa njia hiyo, yaani laparoskopi. Hewa ya kabonidayoksaidi hujazwa tumboni ili pawe na nafasi, kamera inapita kitovuni, vyombo vyembamba vinapita pembeni. Kilichoniuma zaidi baadaye ni bega, kwa sababu hewa inayobaki huchokoza kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu hupandia huko. Wagonjwa waambiwe hili mapema, maana linatisha.

Daktari, mama mtulivu, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kwa uvimbe kama wa mdogo wako ningetoboa," akamwambia dada. "Kwa hii yako nitafungua tumbo."

Nilipandwa na hasira. Nikamwuliza kama mashine imeharibika. Akasema inafanya kazi, na asubuhi ileile alikuwa ameitumia kwa mgonjwa mwingine. Kisha akatutolea utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Wanawake 631 wenye saratani ya aina hiyo, wa nchi mbalimbali, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walifunguliwa tumbo, wengine walipasuliwa kwa matundu, wachache kati yao kwa roboti. Baada ya miaka minne na nusu, asilimia 96.5 ya waliofunguliwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa matundu ilikuwa asilimia 86.

Nilizisoma namba zile mara mbili. Dada hakuzisoma, alikuwa akimtazama daktari usoni.

"Kwa nini iwe hivyo?" akauliza.

Daktari akasema sababu haijathibitishwa. Wapo wanaoshuku kifaa kinachoingizwa kusogeza kizazi, kwamba huenda kinasambaza seli za saratani. Wengine wanaishuku hewa yenyewe. Hakupamba chochote. Kidonda kitakuwa kikubwa, wodini atakaa zaidi, na kwa wiki kama sita asibebe kitu kizito. Akikohoa, akumbatie mto tumboni ili mshono usivutike.

Hasira yangu ikaniisha palepale. Nikaanza kumwuliza dada kama atayaweza maumivu yale, lakini akanikatiza.

"Mdogo wangu, hebu acha hayo. Daktari, tarehe ya karibu kabisa ni lini?"