Ishirini kila tita

Fundi hakuwa na haraka na shairi la mtu. Ulipomletea karatasi, alimaliza kwanza pindo alilokuwa akilishona, akakata uzi kwa meno, akafuta miwani kwa nguo ya mteja yeyote iliyokuwa karibu, ndipo akanyoosha mkono. Cherehani yake ilikuwa kwenye baraza moja jirani na stendi ya Muheza. Mwenyewe alikuwa mtu wa Pangani, na ujanani mashairi yake yalikuwa yakitoka magazetini. Mimi mwaka huo, 1987, nilikuwa kidato cha pili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Leo umetuletea nini, malenga?"

Malenga ilikuwa dhihaka, nami nikijua hivyo, lakini kila aliponiita nilikenua meno. Nikampa beti saba nilizozinakili kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande mmoja kama za barua ya posa. Mshororo wa kwanza naukumbuka mpaka leo: *Lulu yangu ya bahari, mahaba yanisumbua.*

Alisoma kwa kunong'ona, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye pingili za vidole vingine. Nane, pumzi, nane. Nane, pumzi, nane. Alipofika ubeti wa saba nilikuwa nimeshaanza kujiona gazetini.

"Mizani imetimia," akasema. "Vina vya kati sawa, vya mwisho sawa. Lulu umepata kuiona?"

"Hapana, Fundi."

"Na bahari?"

"Nimeiona. Mara mbili."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na huyu anayekusumbua ni binti wa nani?"

Nikatazama chini. Binti hakuwapo. Alikuwapo kwenye mashairi ya watu, nami nikamchukua huko.

Fundi akakunja karatasi mara mbili. "Umeshona vizuri. Ila vipimo ni vya mtu mwingine." Kisha, kana kwamba anauliza habari za mvua: "Baba yako anafanya kazi gani?"

"Karani," nikasema. "Karani wa shamba la mkonge."

Ndivyo nilivyosema shuleni pia. Fundi hakunibishia. Aliinama, akavuta suruali ya kaki kutoka kwenye rundo lililokuwa chini ya cherehani, akaitandaza mapajani. Ilikuwa na viraka viwili magotini, na utomvu ulikuwa umeganda mpaka kitambaa kikawa kigumu kama ngozi ya ngoma. Niliijua suruali ile. Ilikuwa inaanikwa nje ya chumba chetu kila Jumapili.

"Hii naitia kiraka cha tatu mwaka huu," akasema. "Mwambie karani ataipata Alhamisi."

Kutoka Muheza mpaka kambini kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na sikumbuki hata hatua moja ya siku ile.

Kambi ya mkonge, kwa asiyeijua, ni safu za vyumba vilivyofanana, na nyuma yake mistari ya mkonge inayokwenda mpaka macho yachoke. Upepo ukigeuka, harufu ya maji machafu ya korona, ile mashine ya kukamua majani, inaingia mpaka kwenye ugali. Baba alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka Kasulu, kijana asiye na ndevu, akiletwa na SILABU, ofisi ambayo wenye mashamba waliianzisha mwaka 1944 kuwakusanyia vibarua kutoka mbali. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake kabla ya jina. Wengine walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Baba alibaki, akaoa, akaendelea kukata. Kiswahili chake kilibaki na uzito wa Kiha. Wenzangu wa mjini walikuwa wakikiiga ili tucheke, nami nilicheka nao.

Sasa fikiria mtoto wa nyumba hiyo, katika mkoa uliomzaa Shaaban Robert, pale Vibambani, mwaka 1909. Kiswahili cha mashairi nilikiona kina wenyewe: watu wa baraza na kanzu, watu wa lulu na karafuu. Nilidhani mlango wa kuingilia ni kusema kama wao mpaka nisijulikane nilikotoka. Fundi alikuwa ameniazima kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga, cha mwaka 1954, kilichovalishwa gazeti ili kisichakae. Nilizishika sheria zake zote. Hakuna iliyosema lazima niwe na lulu, hiyo nilijiongezea mwenyewe.

(Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mkonge nao ni wa kuja. Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, huko huko Pangani kwa kina Fundi. Nilicheka peke yangu. Kumbe mmea wenyewe ulikuwa manamba.)

Kwa wiki mbili sikuandika kitu. Nilikuwa nimemkasirikia Fundi, nikaapa simpelekei tena hata mstari. Usiku nilisoma kwa koroboi upande wangu wa pazia, wazazi wakilala upande wa pili. Pazia lenyewe lilikuwa kanga ya mama iliyopauka, nayo haikufika ukutani. Usiku mmoja nilisikia kitu kikikwaruza, nikadhani panya. Nikainua koroboi.

Baba alikuwa amelala chali. Mkono wake wa kulia ulikuwa nje ya shuka, na vidole vilikuwa vimefumbata hewa. Kifundo kikageuka kidogo, kikavuta, kikarudi. Kikageuka, kikavuta, kikarudi. Kila ukirudi, ukucha ulikwaruza ukuta. Uso ulikuwa umetulia kabisa, mkono ndio uliokuwa kazini. Nilisimama pale mpaka mama aliponong'ona, "Zima taa, mwanangu, mafuta ya kesho hayo." Hakuuliza ninatazama nini. Nadhani yeye alishauzoea.

Ubeti ulikuja gizani, na ulikuja mmoja tu. Asubuhi niliuandika nyuma ya daftari la jiografia:

*Baba arudi jioni, ishirini kila tita,*
*Mwiba umo kidoleni, kuutoa anasita,*
*Harufu imo nguoni, hajafika yatupata,*
*Alala, yumo ndotoni, mkono bado wakata.*

Kiapo changu hakikufika Jumamosi. Fundi aliupokea, akamaliza pindo, uzi, miwani. Akahesabu mara moja. Akarudi mwanzo, na safari hii kidole gumba kilitulia.

"Mshororo huu wa mwisho umeuiba kwa nani?"

"Kwa baba. Alikuwa amelala."

"Anajua?"

"Hapana."

Akanirudishia karatasi. "Basi mrudishie mwenyewe kwanza." Akaanza kukanyaga cherehani, na mtu akishaanza kukanyaga hakuna mazungumzo tena.

Ilinichukua siku tatu. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo haikuwezekana kuiacha karatasi mezani nikatoroka. Nilimkuta nje amekaa kwenye kigoda, anachokonoa kidole kwa pini, nikasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa ofisini, nikasema mishororo minne bila kupumua. Neno la mwisho lilipotoka nilitaka ardhi inimeze.

Hakuinua kichwa. Akachokonoa tena, akatoa kitu cheusi kidogo, akakitazama kwenye ncha ya pini.

"Thelathini," akasema.

"Nini, baba?"

"Tita moja, majani thelathini. Umesema ishirini. Ukimpelekea msimamizi tita la ishirini, halihesabiwi, umefanya kazi bure."

Nilikuwa nimeishi kambini miaka kumi na sita na sikuwahi kumuuliza. Yeye hakutaka niingie shambani, alitaka shule, nami nilifurahi kutoingia. Ile ishirini niliibuni.

"Sema tena," akasema, "useme thelathini."

Nikaanza kuhesabu kwenye pingili, pale pale, mikono nyuma ili asione. I-shi-ri-ni, nne. The-la-thi-ni, nne. Likaingia.